Baiskeli Juu ya Basi la Kusini

Mwezi uliopita nilienda Kariakoo kutuma kifurushi cha dawa kwa jamaa zangu wa mbali walioko kusini. Ofisi inayopokea mizigo ya mabasi iko mtaa mmoja wa nyuma, upande wa Msimbazi, imebanwa kati ya duka la vitenge na duka la simu, na ukitaka kufika dirishani lazima uruke ndoo na mabegi ya watu. Mbele yangu alisimama baba mmoja wa makamo, ameshika baiskeli. Karani alimwambia bila kuinua macho, "Mzee, hiyo haiingii. Buti imejaa. Wewe tangulia, baiskeli itafuata na gari la kesho."

Yule baba hakubisha. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi na mimi nitaenda kesho."

Nilitamani kumshika mkono nimwambie apande aende. Lakini ningeanzia wapi? Simjui, hanijui. Nilikabidhi kifurushi changu nikatoka, nikakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na nilikaa pale muda mrefu hadi mama mmoja muuza maji akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Nawe nakusimulia kwa sababu wote waliokuwa wakiyajua mambo haya pamoja nami wameshaondoka, na sipendi kubaki nayo peke yangu.

Nilipokuwa mtoto tulikaa chumba kimoja, mimi na baba, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, hatua chache kutoka barabara ya Msimbazi. Mama alikuwa kusini kwa bibi, anatunza mikorosho. Usishangae, watu wengi wa kwetu waliishi hivyo. Mjini kulikuwa na shule na riziki, kule kulikuwa na shamba, na familia inagawanyika katikati. Mama alikuja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, akakaa mwezi mmoja. Na shule zikifungwa Desemba, sisi ndio tulimfuata.

Baba alikuwa akiuza samaki. Aliondoka na baiskeli kabla jua halijachomoza kwenda Feri, kwenye soko la samaki, akarudi na tenga limejaa vibua na changu, maji ya barafu yanadondoka njia nzima. Alizunguka mitaa ya Kariakoo akipiga kengele, na akina mama waliijua kengele yake kabla hawajamwona mwenyewe. Mchana akinirudia na vichwa vitatu au vinne ambavyo havikununuliwa, tulivichemsha kwa ndimu na embe bichi. Mpaka leo sijala mchuzi uliofikia ule. Asubuhi nilikula vitumbua vya jirani yetu wa chumba cha pili, mama mmoja mjane ambaye harufu ya iliki yake iliniamsha kila siku. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha kufua sare, na ndiye aliyenipiga nilipochezea mtoni. Alikuwa rafiki wa mama, kwa hiyo baba alimwita shemeji, naye akamwita baba hivyo hivyo.

Wiki ya safari, nyumba nzima ilijua. Baba aliilaza baiskeli uani, akaisugua kwa majivu na maganda ya ndimu ili itoke harufu ya samaki, maana abiria wa basi walikuwa hawana simile. Kazi yangu ilikuwa kusugua spoku moja moja kwa kitambaa. Ilikuwa baiskeli nyeusi ya Kichina, nzito, yenye keria pana nyuma na dinamo iliyolia tairi likizunguka. Ilipokauka, baba alifungua pedeli kwa spana, akalegeza usukani akaupindisha uelekee upande mmoja na fremu, akafunga kiti kwa gunia, akapaka mnyororo mafuta na kuuviringishia matambara usichafue mizigo ya wengine. Pedeli na spana alizifunga kwenye kitambaa, nikabeba mimi. Niliona nimepewa jukumu kubwa sana.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu basi lilituacha barabarani, na kutoka pale hadi kwa bibi kulikuwa na maili tisa za mchanga, hakuna gari linaloingia. Baiskeli ndiyo iliyobeba sukari, sabuni, vitenge vya mama, mafuta ya taa, na mimi.

Mabasi ya kusini wakati ule yaliondoka siku moja moja, si kila siku, kwa ajili ya matope. Utingo alipanda ngazi ya nyuma, baba akamsukumia baiskeli kutoka chini, ikalazwa juu ya magunia na kukazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za zamani. Baba hakukaa kwa raha. Njia nzima alisikiliza dari, na basi liliposimama tu, hata kwa ajili ya watu kujisaidia, alipanda ngazi kuhakikisha. Kufika Rufiji tulishuka, tukangoja pantoni na foleni ya malori, tukala mihogo ya kukaanga na machungwa yaliyopashwa joto na jua. Ng'ambo ya mto ndiko yalikoanza matope. Wanaume walivua viatu wakasukuma, wanawake tukatembea mbele tumebeba watoto na vikapu. Tulilala kwenye viti, na kesho yake alasiri ndipo tulipofika.

Pale kituoni palikuwa na banda la makuti na mwanamke muuza ndizi, basi. Mama alikuwa akitusubiri, ametembea zile maili tisa tangu asubuhi. Alimwamkia baba, akanikumbatia, kisha tukachuchumaa wote watatu kuiunga baiskeli. Mimi nilitoa pedeli, baba akakaza, mama akapiga pampu. Nilikaa kwenye bomba la mbele, mama akakaa upande upande kwenye keria, mkono mmoja umeshika kiuno cha baba na mwingine umezuia furushi kichwani. Kwenye mchanga mwingi baba alishuka akatusukuma, na mama alikuwa akimtania, "Mvuvi wa Dar es Salaam, baharini unaweza, nchi kavu imekushinda." Baba alikuwa hajawahi kuvua hata samaki mmoja. Alicheka mpaka akasimama kupumzika.

Hiyo ndiyo furaha niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine kubwa zaidi, wala sikuwahi kuipata baadaye.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, kabla shule hazijafungwa, kondakta wa basi alileta barua mlangoni kwetu. Aliiandika mwalimu wa kule kijijini kwa maneno ya bibi. Mama anaumwa tumbo, limevimba, hali kitu. Mganga wa zahanati amesema apelekwe hospitali kubwa, na hospitali hiyo iko mji wa huko huko kusini, mbele zaidi kwenye barabara ile ile ya basi. Baba aliisoma amesimama. Siku ile ile aliandika jibu, akampa kondakta wa gari lililokuwa linaondoka: naondoka Jumatano, nakuja mwenyewe kumpeleka. Mwalimu wangu alipoambiwa hakuuliza lolote kuhusu mitihani, alinifungia daftari akanipa mkononi.

Jumatano asubuhi tulifika kwenye basi na mwanga wa kwanza. Jirani yetu alitusindikiza na vitumbua kwenye sahani iliyofungwa kwa leso. Tulikuwa na tiketi mbili, moja ya baba na moja yangu, kiti cha nyuma ya dereva. Lakini juu ya basi kulikuwa na magodoro. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepakia magodoro ya duka zima, yamepangwa mpaka yamezidi kingo, yamefunikwa turubai.

Utingo alituangalia kutoka juu akatikisa kichwa. Kondakta akasema, "Kaka, leo baiskeli haipandi. Itatoboa magodoro ya watu. Wewe nenda, nitaipakia kwenye gari la Ijumaa."

Baba alimweleza. Alimweleza taratibu, kwa heshima, kwamba ana mgonjwa, kwamba pale anaposhukia ni maili tisa. Kondakta alisikiliza na alionekana anasikitika kweli. Lakini magodoro yalikuwa pale.

Jirani akamvuta baba pembeni. Nakumbuka maneno yao yote, maana nilikuwa katikati yao.

"Shemeji, panda uende. Baiskeli utaazima huko huko."

"Nitaazima kwa nani? Kijiji kizima zipo mbili. Ya mwenye duka haina matairi, na ya mwalimu anaendea kwake Masasi kila wiki."

"Basi watu watambeba."

"Wanaume wako kwenye korosho, shemeji. Nitafika nimekunja mikono. Nitambeba na nini? Nimbebe mgongoni maili tisa na tumbo lile?"

Jirani aliikaza upya ile leso ya vitumbua. Halafu akasema, "Mgonjwa akimwona mwenyewe tu anapata nguvu."

Baba alitazama basi, akatazama baiskeli. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Mimi nilikuwa nimeshakanyaga ngazi. Alinishika bega akanishusha.

"Tunaenda Ijumaa," alisema. "Na baiskeli."

Viti vyetu viliuzwa pale pale kwa mtu na mkewe waliokuwa wakisubiri. Niliwaona wanapanda na mtoto mgongoni. Kuna miaka niliwachukia watu wale, nikijua kabisa hawakukosa lolote.

Sitakuchosha na zile siku mbili. Baba hakwenda Feri. Alikaa uani na baiskeli, akaifungua akaifunga, akaongeza mbao mbili pembeni ya keria na kuzungushia godoro kuukuu, ili mama apate pa kuegemea. Alimwomba jirani ajaribu kukaa. Jirani alikaa, akasema ni pazuri, akaingia chumbani kwake. Nilimsikia analia.

Ijumaa baiskeli ilipanda ya kwanza kabla ya mzigo wowote. Jumamosi alasiri tulishuka kituoni. Muuza ndizi alikuwapo. Alipotuona alijifunika mdomo kwa kanga, akashika shughuli ya kupanga ndizi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Baba alikuwa na haraka, hakumtazama. Nilitoa pedeli, akakaza. Kupiga pampu nilipiga mimi.

Uani kwa bibi kulikuwa na watu wengi wamekaa kwenye mikeka. Baba aliegemeza baiskeli ukutani polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Mjomba alimfuata, akamshika mikono yote miwili. Mama alikuwa amefariki Ijumaa alfajiri, wakati sisi tunafunga baiskeli juu ya basi, na alizikwa siku hiyo hiyo baada ya swala.

Siku ya pili ya matanga nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta mahali pa kuwa peke yangu. Nilikikuta kitanda cha kamba cha mama kimeegemezwa kwenye ukuta. Kwenye miguu ya kitanda kulikuwa kumefungwa miti miwili mirefu, mmoja kila upande, kama machela. Nilimwuliza bibi ile miti ni ya nini. Bibi aliangalia kwanza nyuma yangu, kisha akaniketisha.

Alikuwa amewatuma watu makambi ya korosho, na wanaume wanane walirudi. Alhamisi walimbeba mama kwa kitanda kile, wakipokezana, wakamfikisha barabarani kabla ya adhuhuri. Walijua baba anakuja na gari lile, barua ilisema. Basi likifika, baba hatashuka, mama ndiye atakayepanda, waende naye moja kwa moja mpaka hospitali. Mama alikuwa anaongea. Alimwomba muuza ndizi maji, akauliza kama nywele zake ziko sawa.

Basi lilifika limejaa hata pa kusimama hamna. Walimwita baba madirishani, upande huu na upande ule. Kondakta akasema hakuna mwenye jina hilo garini. Bibi aliomba viti viwili tu, lakini kila aliyekaa alikuwa na tiketi na mtoto na sababu, na dereva akasema hawezi kulaza mgonjwa kwenye njia ya watu. Walingoja gari jingine mpaka jua likashuka. Halikupita. Wakambeba kumrudisha.

"Baba yako asijue," bibi aliniambia. "Akilijua hili hataishi. Wote tumekubaliana. Na wewe umekuwa mtu mzima leo."

Nilikuwa na miaka kumi. Bibi alifungua kamba, akaitoa ile miti, akaikatakata kwa panga na kuichochea jikoni. Ndiyo iliyopika uji wa wafiwa jioni ile, na baba aliunywa.

Tulirudi Dar baada ya siku kumi. Baiskeli ilikuwa juu. Tulipofika Rufiji, tukisubiri pantoni, baba alisogea kuvuta sigara na kondakta, yule yule wa Jumatano, nami nikawaona kwa mbali wanazungumza. Baba aliporudi aliketi kando yangu. Basi lilisimama mara nyingi baada ya pale, lakini hakupanda ngazi tena kuiangalia baiskeli.

Hakuwahi tena kuipeleka kusini. Tulipokwenda kumwona bibi miaka iliyofuata, maili tisa tulizitembea. Nilidhani ni huzuni ya kawaida. Mjini aliendelea kuuza samaki, aliendelea kupiga kengele, lakini alikuwa hazungumzi na wateja, na wateja wakaanza kwenda kwa wengine wenye maneno. Hakuoa. Jirani alimpikia miaka mingi, na kama kulikuwa na jambo ambalo lingeweza kuanza kati yao, halikuanza. Alifariki jirani, akafariki bibi, nyumba ya vyumba sita ikauzwa ikajengwa ghorofa la maduka. Baba akahamia kwangu, mzee, macho hayaoni vizuri, sukari imemla miguu.

Mwaka jana, alasiri moja, nilikuwa namkata kucha. Akasema tu, bila mimi kumwuliza lolote, "Walimtoa mpaka barabarani."

Niliacha kukata. "Nani alikwambia, baba?"

"Kondakta. Siku ile tunarudi, pale kwenye pantoni. Hakunikumbuka, wala hakujua kama ni mke wangu, alikuwa anapiga stori ipite muda. Akasema, wiki ile kuna mgonjwa aliletwa na kitanda, mwenyewe wanayemtegemea hakutokea." Alijipapasa goti. "Tena akasema, sijui mwanaume gani yule."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote?"

"Ulikuwa mtoto. Ningekwambia ili iwe nini?"

Nikamwambia na mimi nilijua. Bibi aliniambia siku ya pili ya matanga, akanikataza.

Ungedhani hapo tulikumbatiana, moyo ukawa mwepesi. Haikuwa hivyo. Baba alivuta mguu wake taratibu kutoka mapajani kwangu. Nadhani kilichomuuma ni kwamba nilikuwa namtazama miaka yote ile nikijua, kila alipokula, kila alipocheka kidogo. Alisema, "Kumbe hata wewe," akageukia ukutani. Tuliishi miezi minane zaidi, tukizungumza habari za dawa na chakula. Nilijuta kusema. Nadhani na yeye alijuta.

Kabla hajafa aliomba jambo moja, alazwe karibu na mama. Tulikodi gari. Siku hizi ni lami tupu, daraja limejengwa, tuliondoka Dar asubuhi na saa tisa alasiri tulikuwa tumefika, gari limeingia mpaka kijijini. Maili tisa tulizipita nikiwa bado natafuta lile banda la makuti kwa macho.

Shamba la bibi liliuzwa zamani. Mwenye nalo sasa ni kijana mstaarabu, alitupokea vizuri, akatuambia mikorosho ya zamani ilizeeka akaing'oa na kupanda mipya. Kaburi la mama halikujengewa, lilikuwa na miti miwili tu ya kuonyesha kichwa na miguu, na miti hiyo ilishaoza. Aliyekuwa akijua mahali penyewe ni bibi. Mjomba hayupo. Nilitembea kati ya mikorosho ile michanga, nikasema ni hapa, nikasogea, nikasema labda ni pale. Wanaume walinisubiri na majembe, hakuna aliyenihimiza. Jua lilikuwa linashuka na maiti haikai.

Mwisho niliwaonyesha mahali. Walichimba, wakamlaza baba. Kama mama yuko karibu yake, au yuko upande wa pili wa shamba, sijui, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza.